Kisu cha Baba Kilichogoma

Nilisema mbele ya mume wangu na mbele ya binti yangu, na mimi nikisema nimesema: mkono wangu wa kulia ukikipa makali kisu cha baba, nitakwenda kwenye sherehe ya kumuaga Erica. Usipokipa, nabaki zangu hapa Miyuji. Wao waende ukumbini, wapige vigelegele, wale pilau, wanirudishie sahani imefunikwa vizuri.

"Mama jamani," Erica akasema. "Sendofu bila mama mzazi?"

"Shangazi Anastazia yupo. Atakaa kiti changu."

"Sasa kisu cha babu na sendofu yangu vinahusiana nini?"

Vinahusiana, ila sikumjibu, maana nilijua nikijibu nitalia, na mimi kulia mbele ya mwanangu sipendi.

Kiharusi kilinipiga msimu wa mvua uliopita, nimekaa kwenye cherehani, katikati ya mshono wa sketi ya shule. Mguu ulirudi. Unaburuza kidogo lakini unanifikisha. Ulimi nao ulirudi. Obedi, mume wangu, huwaambia watu kwamba ndio uliowahi kurudi kuliko vyote, na ukarudi na nguvu mpya. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Unaning'inia tu, vidole vimekunjika nusu, nikiuamrisha kitu unakifanya kwa kuchelewa na kwa kutetemeka, tena kwa dharau. Huu ndio mkono ulioshona magauni ya nusu ya mabibi harusi wa mtaa huu.

Uliobaki mzima ni wa kushoto. Na huo mimi siutumii mbele za watu, basi. Nimelelewa. Kwetu humpi mtu kitu kwa kushoto, husalimii kwa kushoto, huli kwa kushoto. Huo ni mkono wa chooni. Ndiyo maana tangu niugue sahani yangu nakula chumbani, mlango umefungwa. Kanisani siendi, kwa sababu watu wakitoka ibadani wanashikana mikono, na mimi nitanyoosha nini? Na kwenye sendofu, kila mtu anajua, bibi harusi hupiga magoti na mama yake humlisha keki ukumbi mzima ukitazama. Nimlishe mwanangu kwa mkono upi? Nimuage kwa mkono wa chooni, aende nao kwa wakwe zake? Hapana. Bora nisionekane kabisa.

Kisu kililetwa na Joel, mdogo wangu, siku aliposafisha nyumba ya marehemu baba kule Chemba. Kisu cha kukunja, mpini wa mti mweusi, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na kinoo chake. "Dada, chukua," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unakililia." Kweli nilikililia. Nilipokuwa mtoto nilikitaka kisu kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, na baba hakumruhusu mtu kukigusa. Kiliishi mfukoni mwake. Alikwenda nacho machungani, akarudi nacho, na akija nacho nyumbani kinakuwa kimeshakunjwa. Sasa kilikuwa na kutu, na butu kama kijiko.

Hospitalini kuna binti wa mazoezi, Debora, mtoto mzuri, mwenye subira kunishinda mara mia. Aliniambia nichukue kitambaa, nifute meza kwa mkono wa kulia, mbele na nyuma, kila siku. Nikamwambia meza yangu ni safi. Lakini kunoa nako si ni mbele na nyuma? Ndipo nikatamka maneno yale ya sherehe. Nilitaka mkono uwe na sababu.

Obedi alikificha kisu ndani ya ndoo ya unga. Nikakikuta. Akakificha juu ya kabati. Nikapandisha sauti mpaka jirani akachungulia ukutani. Mwisho akasalimu amri: akatandika gunia bichi kwenye kizingiti cha nyuma ili kinoo kisiteleze, akakaa pembeni na gazeti lake, anajifanya anasoma. Ukurasa haugeuki, macho yako kwenye vidole vyangu.

"Utajikata, mama Erica."

"Kitanikata na nini? Kina makali?"

Nikawa nanoa. Matone mawili ya mafuta ya cherehani juu ya jiwe, mpini kwenye ngumi yangu ya kulia inayotetemeka, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kifundoni kuusukuma, kama anayemfundisha mtoto kuandika. Shii, mbele. Shaa, nyuma. Nikigeuza kisu, nanoa upande wa pili. Upepo wa Dodoma, mnaujua, ukianza kiangazi haunyamazi. Unavuma vumbi jekundu juu ya mabati, unapita katikati ya mikorosho ya jirani, na ile sauti ya jiwe ikichanganyika nao, mimi huwa siko tena kizingitini.

Niko Chemba. Jua liko juu, mbuzi wametawanyika kwenye vichaka, na kengele ya beberu inalia mbali, inakatika, inalia tena. Baba yuko mbele yangu. Ananichongea kifimbo, naona mabega yake yakicheza na vipande vya ganda vikidondoka pembeni mwa miguu yake. Mimi namkimbilia, nataka kuona anavyochonga. Nakimbia na sifiki. Baba haharakishi hata kidogo, anatembea tu huku akichonga, na mgongo wake unabaki umbali uleule. Namwita. Anasema, bila kugeuka, "Tangulia kwa mbuzi, Loisi." Basi natangulia. Kila mara natangulia, sijui kwa nini, na nikifika kwa mbuzi ananijia na kifimbo kimeshakamilika na kisu kimeshaingia mfukoni.

"Mama Erica. Mama Erica! Mate yanakutoka."

"Acha yatoke."

Obedi akachukua kisu, akakijaribu kwenye nyanya. Nyanya ikapondeka, maji yakamrukia shati. "Hiki," akasema, "kinafaa kupakia siagi." Nilitaka kucheka, nikamnunia.

Siku zikaenda hivyo. Ukumbi ukalipiwa, vitenge vya ndugu vikashonwa na fundi mwingine, na nilipoviona nikakosoa kila upindo. Erica alikuwa akirudi kazini anapita nyuma ya nyumba kabla ya kuvua viatu. Haulizi kitu. Anakitazama kisu, ananitazama mimi, anaingia ndani. Moyo uliniuma, nasema kweli. Mtoto mmoja niliyejaliwa, na furaha yake nimeitundika kwenye kipande cha chuma. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Siku moja nikamkamata Obedi amejificha jikoni na kinoo, jasho linamtoka, anakinoa yeye. Mume wangu huyo, maskini, alitaka nikiamka nikikute kimepona, nidhani ni mimi. Ana mkono wa kulia mzima, mkono uliochinja kuku na mbuzi wa sikukuu zote za nyumba hii. Na kisu kikamgomea naye. Alikiinua kwenye mwanga akakigeuza.

"Chuma chake kimekufa," akasema. "Kitupe tu, mke wangu. Twende kwa Erica."

"Chuma cha baba yangu hakijafa."

"Basi kina kiburi."

"Hicho ni cha kwetu," nikamwambia, na safari hii tulicheka wote wawili, tukacheka mpaka nikaanza kulia, akanishika.

Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo sherehe, nyumba ilibaki tupu. Obedi alikwenda kuhakikisha viti, Erica alikuwa saluni anasukwa. Nikaenda kizingitini peke yangu. Mchana ulikuwa mweupe, joto limeketi juu ya kila kitu, hata kuku walikuwa wamelala na midomo wazi. Nikanoa. Shii, shaa. Kengele ya beberu ikaanza. Vichaka vikaja, mgongo wa baba ukaja. Nikawa nimechoka kuliko siku zote, na mkono wa kulia ukaishiwa, vidole vikafunguka vyenyewe. Kisu kikateleza kutoka kwenye jiwe, na wa kushoto ukakidaka.

Ukakidaka vizuri. Hilo ndilo lililonishtua. Dole gumba lilikwenda moja kwa moja likaingia mahali. Kwenye mpini kulikuwa na kishimo, mti umelika, laini, ambacho nilikuwa nimekigusa siku zote hizo na kuona ni ubovu wa uzee, kwa sababu nikishika kwa kulia kinaangukia mahali pasipo na kidole. Sasa dole gumba langu lilikaa humo kana kwamba limechongewa.

Nikatazama ukutani kwa jirani kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu.

Nikakiinua kisu karibu na jicho. Upande mmoja bapa lilikuwa limenyooka kabisa. Upande wa pili, tena ule wa kushoto tu, lilikuwa na mteremko mrefu unaoshuka hadi kwenye makali. Kisu hiki kilinolewa upande mmoja, miaka na miaka. Na sisi, mimi na Obedi, tulikuwa tunakinoa pande zote mbili kama kisu cha kitunguu, tulichokijenga upande huu tunakibomoa upande ule. Nikakilaza kwenye jiwe kwa mkono wa kushoto, makali yakinitazama mimi. Mteremko ukalala wenyewe juu ya jiwe, hata sikuhitaji kuupima. Nikasukuma. Sauti ikabadilika. Haikuwa tena shii na shaa, ilikuwa sauti moja nyembamba, ndefu, tulivu, na nilijua sikuwahi kuisikia lakini mwili wangu uliijua.

Na kule Chemba baba akageuka.

Alikuwa kijana kuliko nilivyokuwa nikimkumbuka, kijana kuliko mimi ninavyoonekana leo. Kifimbo alikuwa amekishika kwa kulia, na kisu kilikuwa kushoto. Akanitazama kwa woga. Baba yangu, ambaye hakumwogopa hata fisi, alinitazama kwa woga kwa sababu nimemwona.

Sijui nilikaa pale kiasi gani. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika miguuni nilipokijaribu kisu kwenye uzi wa cherehani. Uzi ulikatika bila kuvutwa. Nikajaribu malaika ya mkono wangu wa kulia, yakaondoka safi, ngozi haikujua.

Hapo sasa hasira ikanipanda. Msidhani nilifurahi! Baba huyuhuyu ndiye aliyenifunga. Tulipokuwa tukila, mimi mtoto mdogo, alichukua kipande cha kanga chakavu, akanifunga mkono wa kushoto ubavuni, akafunga na fundo, na kuniambia nile kwa kulia. Ugali wa uwele na mlenda, jamani! Mlenda kwa mkono usioujua. Ulinichuruzika mpaka kiwikoni, kwenye gauni, ndugu zangu wakanicheka, na baba akatazama pembeni. Kila mlo. Mpaka mkono wa kulia ukajua, na wa kushoto ukajifunza kuona aibu.

Nikampigia simu Shangazi Anastazia, kule Zuzu. Yeye ni dada yake baba, amebaki peke yake katika kizazi chao, na akishika simu haiachii.

"Mbukwa, Loisi! Kitenge changu kimetoka pazuri, ila mabega..."

"Shikamoo shangazi. Nina swali. Baba alikuwa anachonga kwa mkono gani?"

Nilisikia treni ikipita kwake, ndefu, ya mizigo, na alisubiri iishe.

"Nani kakuambia?"

"Kisu."

"Mmh." Akavuta pumzi. "Mbele za watu wa kulia. Huko porini na mbuzi wake, wa kushoto. Maisha yake yote. Mama yako mwenyewe sidhani kama alijua. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwepo siku bibi yako alipomchovya vidole kwenye uji unaochemka, ili vikome. Vile vidole vyake viwili vilivyokuwa vinang'aa, ulidhani ni nini?"

Nilidhani ni kovu la moto wa machungani. Ndivyo alivyotuambia.

"Ulipozaliwa," shangazi akaendelea, "ulipoanza tu kushika vitu, alikuja kwangu kwa miguu. Akaniambia, Anastazia, huyu kanifuata. Mama akimwona atamchoma. Nikamwambia mfunge wewe kwanza, kabla mama hajaona. Akaomba kanga yangu, iliyochakaa, ili isikukwaruze. Alilia, Loisi. Mwanaume mzima."

"Angeniambia!" nilipiga kelele. "Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto, angeniambia!"

"Angekuambia kwa mdomo upi? Alikuwa anaona aibu."

Nikakata simu bila kuaga, ukorofi ambao sijawahi kumfanyia mkubwa. Nikalia kizingitini kwa sauti, wala sikujali jirani. Nilimlilia baba mwenye vidole vilivyong'aa, nikamlilia yule mtoto wa mlenda, na katikati ya kulia nilikuwa bado namkasirikia, na bado namkasirikia hata sasa ninaposimulia, na nampenda.

Obedi alirudi akanikuta macho yamevimba. Akakiona kisu, akakigusa, damu ikamtoka kidoleni. Akaruka juu na kidole chake mdomoni. "Umerudi! Mkono umerudi! Erica! Erica, njoo uone!"

Erica alikuwa mlangoni, nywele zimesukwa, nzuri hata nikashindwa kumtazama.

"Haukurudi," nikasema. "Nimekinoa kwa kushoto."

Obedi akashusha mabega. Erica akasema taratibu, "Kwa hiyo huji."

"Nitakuja. Nitakaa. Lakini kulisha mtu keki, hapana." Kwa sababu kujua ni kitu kimoja, na kunyoosha mkono mbele ya ukumbi ni kitu kingine. Nilikuwa nimeujua ukweli mchana mmoja tu, na aibu niliijua tangu sijajua kuhesabu.

Akaja akanikumbatia, ananukia mafuta ya saluni. "Inatosha, mama. Ukikaa tu inatosha."

Jumamosi jioni nikakaa. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa zambarau, kitambaa kila mahali, taa zinazunguka, na mimi nilikuwa bado nimo nusu ndotoni tangu jana. Watu walipita mbele yangu wakipunga mikono na mimi niliinamisha kichwa. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeukalia. Kweli kabisa, nimeukalia, chini ya paja. Walikuwepo watu wa kwetu wa Chemba, wenzake Erica wa ofisini, na upande wa pili wakwe watarajiwa wamekaa kwa adabu, wanatazama kila kitu.

Mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti: wakati wa keki ya mama. Erica akaletwa mbele, akapiga magoti kwenye mto mweupe. "Na kwa niaba ya mama mzazi," yule kijana akasema, kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa, "atakayemlisha bibi harusi wetu ni bibi yetu mpendwa, Anastazia!"

Erica ndiye aliyepanga. Nilimwona alivyoinamisha uso. Alipanga ili kunifichia aibu, kimyakimya, kwa upendo, kwa kitambaa laini kama kile cha baba. Shangazi akaanza kuinuka, anaweka sawa kitenge chake, bado analalamika mabega.

Sijui nini kilinisimamisha. Hasira, nadhani. Hasira imenisaidia mambo mengi maishani.

"Kwa niaba ya nani?" nikasema. Sikuhitaji kipaza sauti. "Mimi nimekufa? Shangazi, kaa chini."

Muziki ukazimwa. Nikatembea. Mguu ukiburuza sakafuni, ukumbi mzima ukisikia unavyoburuza, Obedi akitaka kunishika na mimi nikimkatalia kwa jicho. Nikafika kwenye meza. Nikatoa mkono wa kushoto, nikachukua kipande cha keki kwa vidole vyangu, hadharani, taa zote zikiumulika.

"Jamani, mkono," mama mmoja akanong'ona nyuma.

Erica akaniangalia kutoka chini. Nilimwona anatambua, macho yakamjaa, wanja wa watu ukaanza kuharibika. Akafungua mdomo. Nikamlisha. Krimu ikampaka mpaka puani kwa sababu sikuwa nimezoea kumlisha mtu kwa mkono huo, tangu azaliwe sikuwahi. Akatafuna pole pole, akameza. Wakwe walikuwa wanatazama.

"Mama," akasema, na mdomo bado wazi kidogo kama kinda. "Nipe tena."

Nikachukua kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, nikampa.